Jiwe Halina Tarehe: Jinsi Zana za Mesolithiki Zinavyopewa Umri na Kulinganishwa

Mwanaakiolojia akiokota kipande cha gumegume kilichochongwa na wawindaji wa kaskazini mwa Uingereza miaka 10,000 iliyopita, hana kipimo cha kumwambia moja kwa moja kilichongwa lini. Gumegume lenyewe lilijiunda ndani ya miamba ya chokaa zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, na pigo la mchongaji halikubadilisha chochote ndani yake kinachoweza kuhesabiwa leo. Kipo kipimo cha gumegume lililoungua, kinachosoma nishati iliyojikusanya katika jiwe tangu lilipopata moto mara ya mwisho, lakini hicho nacho hutoa tarehe ya moto na si ya kuchongwa, tena kwa kosa ambalo katika umri huu linaweza kufika miaka mia tano au zaidi. Kwa hiyo karibu kila tarehe tunayoisoma kuhusu zana za Mesolithiki ni tarehe ya kitu kingine, yaani ganda la kokwa, mfupa au kipande cha mkaa kilichokutwa jirani na mawe. Mabishano mengi yanayoonekana kuwa ni ya mawe, ukiyachunguza, ni mabishano kuhusu huo ujirani.

Mesolithiki ni jina la kipindi cha Ulaya kilichoanza Enzi ya Barafu ilipomalizika, takriban mwaka 9600 KK, na ambacho huko Uingereza kiliendelea hadi kilimo kilipoingia karibu mwaka 4000 KK. Msomaji wa Afrika Mashariki asikichanganye na Zama za Kati za Mawe za bara letu, ambazo zilianza takriban miaka 300,000 iliyopita na zina zana za aina nyingine kabisa. Watu wa Mesolithiki walikuwa wawindaji, wavuvi na wachumaji wa matunda na kokwa, na katika maeneo mengi kilichobaki cha makazi yao ni mawe tu, kwa sababu udongo wenye tindikali umekwisha kula mifupa, mbao, ngozi na kamba.

Kati ya mawe hayo, linalopewa uzito mkubwa kuliko yote ni maikrolithi, kipande kidogo cha gumegume ambacho mara nyingi hakifiki urefu wa sentimita tatu. Mchongaji alianza na jiwe kubwa, akalitengeneza likawa kiini, kisha akapasua kutoka kwenye kiini hicho mabapa membamba marefu. Alichukua bapa moja, akalitia pengo dogo ubavuni kwa kulibanabana ukingo, halafu akalivunja hapo hapo kwenye pengo. Mvunjiko ulikwenda kwa mshazari, na upande mmoja ukabaki na ncha kali, ambayo aliitia ubutu ukingo mmoja ili ishike gundi vizuri. Upande wa pili, wenye nusu ya lile pengo na uso mdogo wa mvunjiko, aliutupa. Taka hiyo huitwa maikroburini, na mchimbaji akikuta nyingi mahali pamoja anajua kwamba hapo zana zilitengenezwa, hazikuletwa tu zikiwa tayari. Jinsi maikrolithi zilivyotumika tunaijua kutokana na mshale uliokutwa kwenye kinamasi huko Loshult, kusini mwa Uswidi, ambao ulikuwa bado na maikrolithi mbili zilizogandishwa kwa ulimbo kwenye ufito wa msonobari, moja ikiwa ncha na nyingine ikiwa kama mwiba ubavuni. Zana kamili ilikuwa mshale, na maikrolithi ilikuwa kipuri chake tu. Jambo hili litatusumbua tutakapofika kwenye hesabu.

Katika miaka ya 1920 Francis Buckley, aliyekusanya zana kwenye vilima vya Pennine kaskazini mwa Uingereza, alitenganisha makundi mawili: moja lenye maikrolithi zilizotokana na mabapa mapana, na jingine lenye zilizotokana na mabapa membamba. Mgawanyo huo umedumu hadi leo. Kundi la mabapa mapana lina ncha za mshazari, pembetatu zenye pande mbili sawa, na maumbo ya trapeza. Kundi la mabapa membamba lina pembetatu ndogo zenye pande tatu zisizolingana pamoja na vijiti vya upana wa milimita chache tu. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba kundi la kwanza lilitangulia, na kwamba la pili lilichukua nafasi yake karibu mwaka 8000 KK au kabla kidogo. Mpango huo ulikuwa rahisi kufundisha, na ulimruhusu mtu aliyeokota mawe shambani kuyapa umri kwa kuyatazama tu.

Ubaya wake ni kwamba umbo haliwezi kusimama peke yake kama ushahidi wa wakati. Huko Mumba, kwenye makao ya mwambani karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, watu walikuwa wakitengeneza vipande vidogo vilivyotiwa ubutu mgongoni makumi ya maelfu ya miaka kabla ya Mesolithiki ya Ulaya kuanza. Hakuna anayedai kwamba makundi hayo mawili yana uhusiano. Yanafanana kwa sababu mtu anayetaka makali madogo ya kugandisha kwenye mti hana njia nyingi za kuyapata. Umbo hutoa tarehe pale tu ambapo mfuatano wa maumbo umekwisha kuthibitishwa katika eneo hilo hilo kwa njia nyingine, na njia hiyo kwa Mesolithiki ni radiokaboni.

Kila kiumbe hai kina kiasi kidogo cha kaboni-14, ambacho hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi tangu kiumbe hicho kinapokufa. Willard Libby, aliyebuni kipimo hiki mjini Chicago na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960, alipima mapema kabisa mbao kutoka Star Carr, makazi yaliyokuwa kando ya ziwa la kale karibu na Scarborough, ambayo Grahame Clark wa Cambridge aliyachimba kuanzia 1949 hadi 1951. Star Carr ni mahali pa kipekee, kwa sababu mboji ya kinamasi ilihifadhi vitu ambavyo kwingine vimeoza. Clark alipata huko zaidi ya ncha 190 za pembe za kulungu zilizochongwa meno, na mafuvu 21 ya kulungu yaliyopunguzwa na kutobolewa ili yavaliwe kichwani. Ndiyo maana jina la mahali hapo hutajwa kila Mesolithiki inapojadiliwa, hata pale ambapo lingefaa kuachwa, kwani makazi ya aina hiyo si kielelezo cha makazi ya kawaida.

Vipimo vya kwanza vilihitaji gramu nyingi za mkaa, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Ili kupata uzito unaotakiwa, mchimbaji alikusanya vipande kutoka sehemu mbalimbali za tabaka na kuvipeleka vikiwa pamoja, hivyo tarehe iliyorudi ilikuwa wastani wa vitu ambavyo pengine havikuwa vya wakati mmoja. Isitoshe, mkaa wa mti mkubwa unaweza kuwa na umri zaidi ya moto ulioutengeneza, kwa kuwa kuni iliyotoka katikati ya mwaloni ilikwisha kuacha kupokea kaboni mpya karne kadhaa kabla ya mti kukatwa. Mifupa ya watu waliokula sana vyakula vya baharini ina hitilafu yake pia, kwa sababu kaboni ya bahari huonekana kuwa nzee kwa takriban miaka 400 kuliko ya nchi kavu, na isiporekebishwa mtu huyo hupewa umri ambao si wake.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale mashine za kuhesabu atomi za kaboni moja moja zilipoanza kutumika, kwani sasa miligramu chache zinatosha. Ganda moja la kokwa ya mhazeli likawa sampuli inayopendwa kuliko zote kaskazini mwa Ulaya, na sababu zake ni nzuri. Kokwa hukua kwa msimu mmoja, kwa hiyo haina tatizo la kuni ya zamani. Ganda lililoungua haliliwi wala haliozi, na likikutwa kwa wingi shimoni au kwenye mafiga ni vigumu kulieleza bila kumtaja binadamu aliyekuwa akikaanga kokwa. Hata hivyo ganda ni jepesi na dogo. Mnyoo hulishusha, mzizi hulipandisha, na panya huliburuta, tena wakulima waliokuja baadaye nao walikula kokwa hizo hizo. Ganda lililopimwa kwa usahihi wa ajabu maabara linaweza kuwa halina undugu wowote na maikrolithi iliyolala sentimita tano kando yake. Ndiyo maana binafsi siipi uzito mkubwa tarehe moja iliyotolewa peke yake, hata ikiwa na alama ndogo kabisa ya kosa, mpaka nijue ganda lilitoka wapi: katika shimo lililojazwa mara moja na kufunikwa, au katika udongo wa juu uliolimwa tangu enzi za Warumi.

Namba inayotoka maabara nayo si mwaka wa kalenda. Kiasi cha kaboni-14 angani hakikuwa kile kile nyakati zote, kwa hiyo miaka ya radiokaboni, ambayo kwa makubaliano huhesabiwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1950, inabidi irekebishwe kwa mchoro uliojengwa hasa kwa kupima pete za miti zenye umri unaojulikana. Mchoro huo hauteremki sawasawa. Una sehemu zilizolala karibu bapa, ambapo vitu vilivyopishana kwa karne kadhaa hutoa jibu moja la radiokaboni. Kwa bahati mbaya, sehemu mbili kati ya hizo, karibu na miaka 10,000 na 9,600 ya radiokaboni, zimeangukia humo humo katika Mesolithiki ya mwanzo. Makazi mawili yaliyoachana kwa vizazi kumi yanaweza kuonekana ya wakati mmoja, na makazi yaliyokaliwa kwa miaka michache yanaweza kuonekana kama yaliyodumu karne tatu.

Njia ya kutoka hapo ni kuacha kuitegemea tarehe moja na kuzitumia nyingi kwa pamoja, zikiunganishwa na mpangilio wa matabaka. Ikiwa ganda A lilitoka chini ya sakafu na ganda B lilitoka kwenye mafiga yaliyojengwa juu ya sakafu hiyo, basi A haliwezi kuwa changa kuliko B, na sehemu yoyote ya uwezekano inayokiuka sharti hilo huondolewa. Hesabu hii, inayofuata kanuni ya uwezekano ya Bayes, imebadilisha picha ya maeneo kadhaa. Star Carr, baada ya uchimbaji mpya ulioanza mwaka 2004 na kumalizika 2015 chini ya Nicky Milner, Chantal Conneller na Barry Taylor, sasa inajulikana kuwa ilikaliwa kwa vipindi kwa muda wa takriban miaka 800, kuanzia karibu 9300 hadi karibu 8500 KK. Ile picha ya awali ya kambi ndogo ya wawindaji waliopita kwa misimu michache imekufa. Huko Mount Sandel, karibu na Coleraine katika Ireland ya Kaskazini, ambako Peter Woodman alichimba vibanda vya mviringo katika miaka ya 1970, upimaji mpya wa maganda ya kokwa uliweka makazi hayo karibu na mwaka 7700 KK. Howick, kwenye pwani ya Northumberland, ina kibanda cha kipenyo cha takriban mita sita kilichojengwa upya zaidi ya mara moja mahali pale pale, na mafiga yake yaliyopangana juu kwa juu yaliwapa watafiti mfuatano wa maganda unaoanza karibu mwaka 7800 KK. Vibanda vya Howick na Mount Sandel vinafanana kwa ukubwa na umbo, vina maikrolithi za mabapa membamba, na vimetenganishwa na bahari. Ulinganisho huo una nguvu kwa sababu tarehe za pande zote mbili zimefungwa na matabaka.

Makazi mengi hayana mafiga yaliyopangana. Ni uwanda wenye mawe yaliyotawanyika, ambapo watu walifika, wakaondoka, wakarudi baada ya miaka mitano au mia tano, na udongo haukuongezeka kiasi cha kutenganisha safari moja na nyingine. Ni kama jalala la mtaa lililotumiwa na vizazi vitatu: unaweza kuhesabu kila kopo lililomo, lakini hesabu hiyo haikuelezi kaya yoyote. Kuna namna ya kupima kiasi cha mchanganyiko huo, nayo ni kuyaunganisha tena mawe yaliyopasuliwa. Kazi hii huchukua miezi, mtu akijaribu kipande dhidi ya kipande mpaka vibanzi virudi mahali pake kwenye kiini. Vibanzi vinavyoungana vikiwa vimekutwa ndani ya eneo la mita moja au mbili, tunajua mahali hapo hapakuvurugwa sana. Vikitoka kwenye matabaka mawili yaliyodhaniwa kuwa ya nyakati tofauti, basi matabaka hayo hayakuwa mawili, na tarehe zilizotolewa kwa kila moja hazina budi kufikiriwa upya.

Tuseme sasa tarehe zimekaa sawa, tunataka kulinganisha mikusanyiko miwili. Desturi ni kuhesabu zana kwa aina na kuzigeuza asilimia, na desturi hiyo ina mtego. Chukua mfano wa kubuni. Kambi ya kwanza ina maikrolithi 100, vikwaruzo vya ngozi 50, na burini 50, yaani patasi ndogo za kuchorea pembe. Maikrolithi ni asilimia 50. Kambi ya pili ina maikrolithi 100 zile zile, vikwaruzo 10 na burini 10. Maikrolithi zimepanda hadi asilimia 83, na msomaji wa haraka atasema kambi ya pili ilikuwa ya uwindaji zaidi, ingawa idadi ya maikrolithi haikuongezeka hata kwa moja. Kilichobadilika ni kazi ya ngozi na pembe. Rudi kwenye kambi ya kwanza, ukadirie kwamba wachimbaji hawakuchekecha udongo na wakapoteza maikrolithi 60 kati ya 100, kwa kuwa ni ndogo na hupenya kwenye koleo bila kuonekana, ilhali kikwaruzo ni kikubwa cha kutosha kushikika. Zitabaki 40 kati ya zana 140, sawa na asilimia 29. Kambi ni ile ile, watu ni wale wale, na tofauti yote imetokana na chekeche.

Hili si jambo dogo, kwa sababu mwaka 1976 Paul Mellars aliyagawa makazi ya Mesolithiki ya Uingereza katika makundi kwa asilimia za aina hii. Kundi moja, linalopatikana sana kwenye vilima, lilikuwa na maikrolithi karibu tisa katika kila zana kumi. Jingine lilikuwa na mchanganyiko, na dogo kabisa lilitawaliwa na vikwaruzo. Maelezo yaliyopendekezwa yalikuwa kwamba kambi za vilimani zilikuwa za uwindaji wa kiangazi, na zile za mabondeni zilikuwa makazi ya familia wakati wa baridi. Wazo hilo bado lina mvuto, na sehemu yake huenda ni sahihi. Lakini data zake zilitoka kwa wachimbaji wa vizazi tofauti, wengine wakiwa na chekeche na wengine bila, na baadhi ya makazi ya mabondeni bila shaka ni mchanganyiko wa safari nyingi. Ukichanganya kambi ya kuwinda na kambi ya kutengeneza ngozi zilizokuwa mahali pamoja katika karne tofauti, hesabu itakupa kambi moja yenye kila kitu kwa uwiano mzuri, ambayo haikupata kuwapo. Star Carr yenyewe, yenye burini zaidi ya 300 katika uchimbaji wa Clark dhidi ya maikrolithi zisizofika 250, inaeleweka vizuri tukikumbuka zile ncha za pembe: burini ndizo zilizochora mifereji kwenye pembe ili vipande virefu vitolewe. Kwingineko pembe zimeoza, na burini zimebaki bila maelezo.

Malighafi nayo huingilia. Gumegume hupasuka kwa utii na kutoa bapa refu, lakini magharibi mwa Uskoti gumegume lilikuwa adimu, na watu walitumia kwarizi au mawe mengine ya kienyeji. Kisiwani Rùm, mahali paitwapo Kinloch, watu walichonga jiwe la kijani lenye madoa mekundu linalopatikana kisiwani humo. Kwarizi hupasuka ovyo, na mabapa yake huwa mafupi. Mtu akilinganisha urefu wa mabapa ya kambi ya kwarizi na ya kambi ya gumegume, kisha akatangaza mila mbili za uchongaji, atakuwa amelinganisha miamba. Ulinganisho unaostahili jina hilo hutenganisha kwanza kila malighafi, ndipo unauliza swali lake ndani ya malighafi moja. Inafaa pia kuangalia hatua zote za kazi na si zana zilizokamilika peke yake: kiini kiliandaliwaje, mabapa yalipasuliwa kwa nyundo ya jiwe au ya kitu laini kama pembe, maikroburini zipo au hazipo. Mtindo wa mkono hubaki kwenye taka kuliko kwenye zana, kwa maana zana hunolewa upya, huvunjika na kubadilishwa matumizi. Na kwa kuwa mshale mmoja ulibeba zaidi ya maikrolithi moja, hesabu ya maikrolithi haigeuki kuwa hesabu ya mishale, wala mishale haigeuki kuwa hesabu ya wawindaji.

Mambo haya yote yanakutana Cramond, kwenye mlango wa mto Almond karibu na Edinburgh, mahali panapojulikana zaidi kwa mabaki ya ngome ya Warumi. Huko, katika miaka ya 1990, vilikutwa vishimo vyenye maganda ya kokwa yaliyoungua pamoja na maikrolithi za mabapa membamba, na vipimo vya maganda hayo vikaangukia kati ya takriban 8600 na 8200 KK. Kwa mujibu wa mpango wa zamani, tarehe hizo zilipaswa kuwa na mabapa mapana. Zinagusana na miaka ya mwisho ya Star Carr, na maeneo mengi ya kusini yaliendelea na mabapa mapana kwa karne kadhaa baadaye. Ama maganda na mawe ya Cramond hayana uhusiano, ama mitindo hiyo miwili iliishi bega kwa bega nchini Uingereza kwa muda mrefu. Uwezekano wa kwanza ni mgumu kuutetea, kwa sababu tarehe zinakubaliana, maganda yalitoka ndani ya vishimo, na hakuna maikrolithi za mabapa mapana zilizochanganyika humo.

Tukikubali kwamba mitindo ilipishana, swali linageuka: nani aliuleta mtindo wa pili? Clive Waddington, aliyeongoza uchimbaji wa Howick, amependekeza kwamba watu waliotumia mabapa membamba walitoka kwenye ardhi ambayo sasa iko chini ya Bahari ya Kaskazini, wakisukumwa magharibi kadiri maji yalivyopanda. Pendekezo hilo linaeleza vizuri kwa nini tarehe za mapema zimejipanga pwani ya mashariki, ingawa pwani hiyo pia imechimbwa sana kutokana na mmomonyoko na ujenzi. Maelezo mbadala ni kwamba wenyeji wenyewe waliupokea mtindo huo kidogo kidogo, na katika hali hiyo tungetarajia kukuta makazi yenye aina zote mbili kwa wakati mmoja. Makazi ya namna hiyo yapo. Tatizo ni kwamba mengi ni nyanda za wazi ambako aina hizo zinaweza kuwa zilikutanishwa na jembe au na ziara mbili zilizopishana kwa miaka 600. Hayawezi kutumika kama ushahidi wa upande wowote mpaka lipatikane shimo lililozibwa lenye aina zote mbili, vibanzi vyake vikiungana, na maganda kadhaa ya kokwa yaliyopimwa moja moja na kutoa jibu moja.